Mpwa wangu anachuma mikarafuu ya mama yake, mie namlipa kwa pishi

Mshauri, asalamu alaykum.

Mie ni mzee wa miaka 71, wa Wete, Pemba. Mtaani wananiita Mkono wa Birika. Najua, na zamani nikiliona jina la sifa. Mke wangu wa pili aliondoka kwa ugomvi wa nusu kilo ya sukari, hilo tuliwache.

Linalonikosesha usingizi ni mdogo wangu wa kike, Mungu amrehemu. Mwaka 1998 mwanawe aliugua, akataka nauli ya meli na matumizi ya Unguja. Nikampa shilingi 30,000, na mikarafuu yake 12 ya urithi nikaishika rehani. Ndugu wa tumbo moja! Tena huyu ndiye aliyekuwa akinimegea muhogo wake siku za foleni za mchele, enzi za Mzee Karume, akijidai kashiba.

2011 bei ya karafuu ikaruka hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Akaja kukomboa. Alikaa kizingitini, akalifungua fundo la pindo la kanga kwa meno: noti za mia tano tupu, pesa za vitumbua, zanuka mafuta. Nilizihesabu mara mbili. Zimetimia. Nikamrudishia, nikamwambia pesa ya 1998 si ya leo, lete laki tano. Hakubisha. Alizifunga tena, akaniuliza kama nimeshakula, akaenda zake. Mwaka uliofuata tukamzika.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na ndiye mchumaji wangu. Msimu huu kashuka mtini na pakacha, "Mjomba, pishi ngapi?" Nikampunja moja, kwa mazoea tu. Usiku sikulala kwa pishi hiyo moja.

Nataka kuirudisha miti. Wanangu walioko Dar wanasema nikithubutu nimerukwa na akili. Sheikh niliyemuuliza kijuujuu kasema mavuno ya rehani niliyokula ni riba, na mali ya watu hurudishwa. Nimefungua daftari nikajumlisha misimu yote, na kusema kweli nimeshaanza kutafuta pa kukata: palizi, ulinzi, ujira wa wachumaji...

Nirudishe miti tu, au na mavuno? Na kubwa zaidi: mpwa wangu hajui kuwa mama yake alikuja na pesa kamili. Nimwambie?

Mzee wa Wete