Namatjira hakufungwa kwa ulevi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia, hata pale liliponiudhi. Ila ile makala ya Jumapili kuhusu Albert Namatjira, mchoraji wa mandhari wa Australia, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako ameyafunga maisha ya mtu yule kwa maneno machache: alipata fedha na sifa, pombe ikamponza, akafungwa, akafa. Asiyemjua ataondoka akidhani amesoma habari za mlevi.

Pombe ilimponza vipi? Mwandishi hakusema, basi niseme mimi. Namatjira alizaliwa Hermannsburg, katikati ya Australia, mwaka 1902, Mu-Arrernte, wa kabila la wenyeji walioishi nchi ile kabla ya mzungu yeyote kuiona. Alitozwa kodi na hakuwa na kura. Aliomba ardhi ya kufugia ng'ombe akanyimwa, akataka kujenga nyumba katika mji wa Alice Springs akazuiwa kwa kuwa ni mwenyeji. Mwaka 1954 alipelekwa Canberra kumwona Malkia Elizabeth, na bado kwao alikuwa mtu wa kusimamiwa na serikali. Mwaka 1957 ndipo yeye na mkewe Rubina walipopewa haki za uraia. Wao wawili tu! Watoto wao wakabaki chini ya usimamizi ule ule. Sasa sheria ikawa inamruhusu kununua pombe, na inamtia hatiani akimpa ndugu yake asiye na haki hizo. Kwa Wa-Arrernte, kama kwetu, mtu hali wala hanywi peke yake ndugu zake wakimtazama. Mwaka 1958 akahukumiwa miezi sita kwa kosa la kuwapatia wenzake pombe, rufaa ikaipunguza kuwa mitatu, akatumikia miwili huko Papunya. Alitoka moyo umevunjika, na Agosti 1959 akafariki, akiwa na umri wa miaka 57. Kosa lake lilikuwa kugawana na jamaa zake kitu alichokinunua kihalali kwa fedha yake. Hilo kuliita ulevi ni kumfunga mara ya pili.

Na picha zenyewe je? Hakuna hata mstari! Mwaka 1936 alifuatana na mchoraji Rex Battarbee kwa ngamia kwenye milima ya MacDonnell, Namatjira akiongoza njia, na Battarbee akimfundisha kuchora kwa rangi za maji. Miaka miwili baadaye alifanya maonyesho Melbourne na picha zote zikanunuliwa. Ile mikaratusi yake yenye magome meupe, vilima vya zambarau nyuma yake, wahakiki wa mijini walisema anaiga wazungu. Alikuwa anachora nchi ya mababu zake.

Tena mmeacha lililo baya kuliko yote. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia mirathi iliiuza hakimiliki ya kazi zake kwa kampuni ya uchapishaji kwa dola 8,500, na familia haikuipata tena hadi 2017.

Hili linanigusa mwenyewe. Niliwahi kuchora milima ya Uluguru nikiwa upande wa Mgeta, picha nikamuuzia mtu. Siku moja naingia duka la vipuri, naikuta ukutani kwenye kalenda ya kampuni moja, imekatwa kwa chini hadi saini yangu imetoweka. Nilipofika ofisini kwao niliambiwa niliishauza picha, sina dai. Nilipotaja hakimiliki, ofisa akaniuliza kama mimi ni mwanasheria. Aliyenunua picha amenunua karatasi na rangi iliyokaukia pale. Haki ya kuichapa inabaki kwa mchoraji mpaka aitoe kwa maandishi. Wenye kalenda wanalijua hilo vizuri sana.

Wataacha vipi, wakati shuleni kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kutolewa kafara mtihani ukikaribia? Nimefundisha vijana werevu wasiowahi kusikia jina la Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, mwalimu wa Makerere, balozi wa Tanganyika Uingereza, ambaye mchoro wake umo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mwanafunzi anamaliza shule bila kuoneshwa hata picha yake moja, halafu tunashangaa wasanii wetu wanaibiwa mchana kweupe.

Ninachotaka ni hiki. Rudieni makala, ukurasa ule ule, mkiitaja miaka ya 1957, 1958, 1983 na 2017. Wekeni mchoro wake mmoja wa mikaratusi, kwa rangi, robo ukurasa, na kabla ya kuuchapa waandikieni wanaosimamia urithi wake kuomba ruhusa. Wakitaka malipo, walipeni. Na chini ya kila mchoro mtakaouchapa kuanzia sasa, jina la mchoraji liwe kwa herufi zisizopungua zile mnazompa mpiga picha wenu.

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Morogoro