Risala ya kikundi cha wachoraji kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya picha za milima

Mheshimiwa mgeni rasmi, walezi wetu, wazazi na majirani, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mgeni rasmi tumekuona ulivyosimama kwenye picha namba 7, ukainamisha kichwa huku afu kule. Usijali, hata mwenye nyumba wetu aliuliza kama rangi zilimwagika. Ule ni mlima Uluguru. Mwekundu ndiyo, mawingu ya njano, na mti hakuna hata mmoja. Aliyeuchora alikuwa ametoka kumzika baba yake wiki ile, akasema kila akiinua macho mlimani kijani hakioni, sasa achore kijani cha nani?

Mambo haya hatujayabuni sisi. Mwaka 1908 kule Murnau, mji mdogo kusini mwa Ujerumani chini ya milima ya Alps, mchoraji Mrusi Kandinsky na mwenzake Mjerumani, bibi Gabriele Münter, pamoja na wachoraji wenzao wawili, Jawlensky na Werefkin, walikaa wakichora vilima vilevile na nyumba zilezile ila rangi wakaziacha zifuate moyo, barabara ikawa bluu, mlima zambarau, na kadiri miaka ilivyoenda mlima wa Kandinsky ukazidi kuyeyuka mpaka ikabaki mistari na mabaka tu, kilima unakihisi bila kukiona. Münter alinunua nyumba palepale 1909 na enzi za Hitler akazificha picha zao kwenye chumba cha chini ya nyumba, 1957 akazigawa kwa makumbusho ya Lenbachhaus mjini Munich. Yaani bila yule mama leo tungekuwa tunasimuliwa tu.

Kandinsky aliandika kwamba njano inakujia mtazamaji kama tarumbeta na bluu inarudi nyuma, inakuvuta ndani. Hilo tumelijaribu ukutani kwetu, ni kweli kabisa, simama hatua tano uone. Ila kijani alikifananisha na ng'ombe mnene aliyelala anacheua, na hapo mzee wa watu tunamkatalia, aliyeiona Uluguru mwezi wa nne mvua imenyesha usiku kucha hawezi kusema kijani kimelala, kile kinapiga kelele.

Changamoto zipo. Wateja wanataka twiga na jua linazama (twiga hatuna ugomvi nao, ndio wanalipa kodi). Kanvasi ni ghali, tunachorea mashuka ya zamani tuliyoyapaka rangi nyeupe ya ukutani, na rangi ya mafuta ya bluu ikiisha tunakaa wiki mbili tunachora milima ya hasira tu maana nyekundu ndo imebaki.

Tunaomba utusaidie rangi, bluu hasa, na chumba chenye dirisha kubwa, hiki chetu kikifika saa kumi zambarau na nyeusi hatuzitofautishi.

Na ombi la mwisho, ukirudi kwenye namba 7 ikakukera usituambie ni nzuri kwa heshima ya shughuli. Mwambie mwenyewe kwamba imekukera, amesimama pale mlangoni anasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.