Redio irudi, simu moja haitoshi watoto watatu

Mhariri,

Mto Nyando ukivunja kingo huku kwetu Ahero, shule hufungwa na watoto hurudi nyumbani, ikiwa nyumba yenyewe haijaingia maji. Walimu hututumia kazi kwa WhatsApp. Nawashukuru sana kwa kutowaacha watoto wetu, lakini nina ombi.

Nyumbani kwangu kuna simu moja tu ya kuingia intaneti, na ndiyo hiyo wateja wa bodaboda wanayonipigia na kunilipa kwa M-Pesa. Alfajiri naondoka nayo, narudi giza limeshaingia. Hapo ndipo shule inapoanza. Kazi ni picha za kurasa za kitabu, na bando la shilingi 20 huisha kabla hazijafunguka zote. Wa gredi ya tisa ananakili mbiombio, wa sita anasubiri zamu, wa tatu amekwisha kulala.

Wakati mmoja mwalimu wa huyo mdogo alituma ujumbe mfupi wa kawaida: mtoto apime vitu vitano vya nyumbani kwa rula, aandike urefu wake. Alipima benchi, mpini wa jembe, mlango, sufuria na kanga ya mamake. Mke wangu hakuendelea sana na masomo, lakini siku hiyo alisimamia kazi mwanzo hadi mwisho, akamrudisha apime mlango upya kwa kuwa rula iliteleza. Kazi za namna hiyo tunaziweza.

Tena redio tunayo. Corona ilipofunga shule Machi 2020, wengine wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ilipeleka masomo hewani kupitia redio ya taifa, KBC. Wangu walikaa na madaftari kando ya redio ya betri, mchana, bila kuningoja mimi. Jioni kazi yangu ilikuwa kuwauliza walichosikia, wanieleze hadi nielewe. Naomba mafuriko yanapofunga shule, vipindi hivyo virushwe kwa saa zinazojulikana mapema. Na walimu watumie SMS, kabla ya saa sita, ili nipitishe kazi nyumbani nikipeleka abiria upande huo.

Kwako Mhariri, chapisheni ratiba ya vipindi kila wiki. Gazeti moja stejini kwetu husomwa na waendeshaji wote, na wengi wetu ni wazazi.

Mzazi na mwendeshaji bodaboda,
Ahero, Kisumu