Salamu za Siku ya Mashujaa kwa Waliobeba Majeruhi

Ndugu zangu wazungumzaji wa Kiswahili, kuanzia Arua hadi Kabale, nawasalimu kwa heshima tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa ya Uganda. Mahujaji wa Namugongo, wanakokumbukwa Mashahidi wa Uganda, wamerejea makwao juzi tu, na wengi bado wanawakumbuka vijana wa Msalaba Mwekundu waliopiga magoti kuwasafisha malengelenge ya miguu.

Tarehe 9 Juni tunamkumbuka Edidian Luttamaguzi wa Kikandwa, aliyeuawa mwaka 1981 kwa kukataa kuwaonyesha askari walikokuwa wapiganaji wa msituni. Kwa kuichagua siku hiyo, taifa letu lilikiri kwamba ushujaa haupimwi kwa bunduki, na ndiyo maana nimeona niwakumbushe habari ya madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa.

Shirika lao, American Field Service, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mmarekani A. Piatt Andrew. Vijana wa Kimarekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walijigharimia nauli na sare, wakaendesha magari madogo ya Ford yenye bodi la mbao lililotosha machela tatu, wakipandisha milima ya Vosges ambako hapo awali majeruhi waliteremshwa kwa nyumbu. Katika Vita vya Pili vya Dunia wenzao walifuatana na Jeshi la Nane la Uingereza huko El Alamein nchini Misri na Italia, na mwaka 1945 walishiriki kuwahamisha manusura wa Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani. Makombora hayakuwabagua, lakini daftari la jeshi liliwabagua, kwa kuwa hawakuandikishwa kama askari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 ndiyo iliyofungua mlango, na mwaka 1990 baadhi yao, kwa vipindi maalumu tu, walitambuliwa kuwa maveterani, miaka 45 baada ya vita vya pili kumalizika. Wapo wanaosema kwamba asiyekula kiapo cha jeshi hastahili haki za askari. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona kucheleweshwa kule kulikuwa dhuluma, maana wengi wa vita vya kwanza walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwetu, serikali imekuwa ikitoa akasiimo, yaani malipo ya shukrani, kwa raia waliosaidia vita vya msituni vya Luwero, nami naipongeza. Hata hivyo, mtu aliyemsukuma majeruhi usiku juu ya baiskeli hakupewa karatasi yoyote, na mashahidi wake wanazidi kupungua. Watu wa Kigezi, ambao kwa vizazi wamebebana kwa zamu katika engozi, machela ya kienyeji, hadi hospitalini, wanajua kazi hiyo ina uzito gani begani.

Basi sikukuu hii, mkiwa mmekusanyika na wazee, waulizeni ni nani aliyebeba, alimbeba nani na kutoka kijiji gani. Yaandikeni majina, kisha myapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wakati mashahidi wa kuyathibitisha wangali hai. Nawatakieni sikukuu njema.