Shukrani za familia baada ya mazishi na hitima ya kijana wetu

Assalaam alaykum jamaa, majirani na marafiki.

Hitima imesomwa, maturubai yamerudi kwa wenyewe na viti vya msikiti vimehesabiwa (viwili havijaonekana, aliyejisahau navyo avirejeshe). Kwa niaba ya wazee, mjane na watoto, twawashukuru nyote mliosimama nasi tangu usiku ule kijana wetu alipopigwa risasi na polisi akitoka kazini, hadi tulipomfikisha kaburini. Waliopika, waliochota maji, waliosafiri kutoka Lamu na Malindi, waliotuma chochote kwa M-Pesa: Mwenyezi Mungu awalipe.

Wako ambao shukrani ya jumla haiwatoshi.

Kuna kijana wa bodaboda, jina hatulitaji kwa sababu mnazozijua. Wenye bunduki walikuwa wangali wakibishana, yeye akampakia majeruhi na kumkimbiza hospitali. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, Jedwali la Sita, inawataka askari waliopo wampatie aliyejeruhiwa matibabu mara moja na jamaa zake waarifiwe. Sisi habari tuliletewa na muuza kahawa.

Kuna mama wa nyumba ya pembeni. Aliyafunika maganda ya risasi kwa karai lake la kufulia, akaketi na kigoda chake pale pale mpaka kukapambazuka. Alipokuja mtu na ufagio akamwambia leo hapafagiliwi. Kulinda mahali pa tukio ni kazi ya mkuu wa kituo kisheria. Usiku ule ilifanywa na bibi wa miaka sabini na zaidi aliyejifunga leso mbili. Mama, hatuna cha kukulipa.

Na kuna imamu wetu. Kwetu maiti hacheleweshwi, na wakili alipotushauri tungoje upasuaji, wazee waligawanyika na sauti zilipanda, tusifichane. Imamu aliketi nao kuanzia magharibi mpaka baada ya isha akieleza kwamba dharura ina hukumu yake, na kwamba haki ya aliyeuawa nayo ni amana. Daktari wa familia alikuwepo wakati wa upasuaji, risasi ikatolewa, ikatiwa kwenye bahasha na kutiwa saini mbele ya mashahidi. Kila bunduki huacha alama zake kwenye risasi, na bunduki ya serikali huandikwa ni nani aliyekabidhiwa. Tungezika upesi, leo tungekuwa tunabishana kwa maneno matupu. Kwa waliochukizwa na kuchelewa kule, twaomba radhi.

Afisa aliyekuja matangani naye twamshukuru kwa kuja. Alikaribishwa, akala, akasikilizwa. Bahasha aliyoiacha tumeirudisha pamoja na salamu zetu.

Alituambia yalikuwa makosa, marehemu alifananishwa na jambazi aliyekuwa akitafutwa. Neno hilo limetukaa rohoni. Tuchukulie ni kweli alifananishwa: na huyo jambazi mwenyewe, angekuwa ndiye anayetembea na begi la vyombo vya kutengenezea friji, alikuwa anafanya nini cha kustahili risasi ya mgongo? Sheria hairuhusu bunduki kwa sababu ya sura ya mtu. Inataka askari ajitambulishe, aonye, ampe mtu nafasi ya kutii onyo pale inapowezekana, na bunduki iwe ya mwisho, njia nyingine zikishindwa. Kosa la kumfananisha mtu lilikuja la pili. La kwanza lilikuwa kufyatua.

Wala si sisi wa kwanza kuambiwa hivyo. Mwanahabari wa Pakistan, Arshad Sharif, aliuawa na polisi Kajiado usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, ikasemwa gari lake lilidhaniwa ni jingine lililoibwa. Mjane wake alikwenda mahakamani, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema mauaji yale yalikwenda kinyume cha sheria, ikaamuru fidia ya shilingi milioni 10. Nasi hatukuikataa pole, ila pole haijibu ni nani aliyefyatua na kwa amri ya nani. Malalamishi yetu yako IPOA, mamlaka inayotajwa na sheria hiyo hiyo kuchunguza vifo vya namna hii.

Yaliyobaki ni haya. Mchango umefungwa, tafadhali msitume tena. Aliye na video ya usiku ule asiifute wala asiisambaze kwenye magrupu. Amwone ami yake marehemu, atampeleka kwa wakili. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, kwa hivyo mwenye kutaka maelezo yake amfuate nyumbani, na kina mama wanaokuja kumliwaza waje baada ya alasiri.

Aliyekuwa akimdai marehemu aje kwa familia, atalipwa. Wateja wenye friji dukani, kila moja imebandikwa jina la mwenyewe. Begi lake la vyombo limezuiliwa kituoni kama kielelezo, basi kazi zilizosalia atazimaliza fundi mwenzake wa duka la pili, kwa bei ile ile mliyopatana na marehemu.