Programu huria nayo ina mwenye hati

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mafunzo ya vijana wa kompyuta hapa Mbale, mwalimu akawaambia programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa wote, ni ya bure na haina mwenyewe, chukueni tu mjengee. Vijana wakaandika kwa daftari. Nimeshindwa kunyamaza.

Ina mwenyewe. Bibi yangu yuko kwa kibanja kule Mukono, amepanda kahawa na matoke pale miaka mingi, lakini hati ya ardhi iko kwa mtu mwingine, na kila mtu Uganda anajua inakuwaje siku mwenye hati akiamua kuuza. Programu nyingi tunazotegemea ziko hivyo hivyo, msimbo tunauona wote na kuurekebisha wote lakini jina, seva na haki miliki viko kwa kampuni moja.

Angalia OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iliyokuwa ya kampuni ya Sun. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na Septemba mwaka huo huo wengi walioijenga OpenOffice wakatoka wakaanzisha shirika la Document Foundation na programu ya LibreOffice kutoka msimbo ule ule, wakaomba waachiwe jina, Oracle ikakataa, alafu wale kati yao waliokuwa kwa baraza la jumuiya ya OpenOffice wakaambiwa wajiuzulu. Msimbo waliubeba, jina likabaki. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp nayo ikabadilisha leseni, yaani masharti ya matumizi, ya Terraform, programu yake ya kupanga na kusimamia seva, na iliweza manake waliochangia walikuwa wamesaini makubaliano ya kuipa uwezo huo. Baadhi ya watu wakahamia OpenTofu, iliyojengwa kwa msimbo wa Terraform wa kabla ya mabadiliko.

Mimi pia nimesaini karatasi ya aina hiyo. Mwaka 2021, usiku, nilituma marekebisho kwa mradi mmoja wa kuhifadhi data ambao sacco ninayohudumia ilikuwa inautumia, ukatokea ukurasa wa kukubali masharti, nikabonyeza bila kusoma. Miaka miwili baadaye leseni ikabadilika, toleo jipya likawa la kulipia kwa dola, na ndani yake kuna mistari niliyoandika mimi. Sacco ya wauza mahindi itatoa wapi dola? Tumebaki na toleo la zamani ambalo hakuna anayelirekebisha tena, na humo ndimo kuna akiba za watu, hiyo inaniuma sana.

Sisemi makampuni yafukuzwe. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani, wengi wanaoiandika wanalipwa mshahara na makampuni, na bado hakuna kampuni moja inaweza kuifunga, kwa sababu kila mchangiaji, au mwajiri wake, anabaki na haki ya alichoandika chini ya GPL, leseni inayotaka msimbo ubaki huria, kwa hiyo anayetaka kubadilisha leseni inabidi atafute maelfu ya watu wamkubalie. Pale hati imegawanywa.

Na kuhama nako, kubeba msimbo na kuendelea nao wenyewe, kunataka watu. UgandaEMR, ule mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa vituo vyetu vya afya, umejengwa na watu wa Makerere juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, wanaujua ndani nje, hata mambo ya OpenMRS yakiharibika kuna mikono ya kuubeba. Sisi wa sacco mikono hiyo hatuna, hapo ndipo hela za mafunzo zingeenda.

Yule mwalimu nilimfuata baadaye, tukaongea vizuri. Mwezi ujao amenipa nusu saa, tutafungua makubaliano ya mradi mmoja tuyasome mstari kwa mstari kabla kijana yeyote hajabonyeza.

Fundi wa kompyuta,
Mbale