Shemeji amefungia ripoti ya tezi za dada: nifanyeje?

Kwa Mshauri,

Dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huku Ahero, kaunti ya Kisumu, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwezi uliopita, na tangu majibu ya maabara yatoke jamaa zetu hawana utulivu. Ripoti inasema kwamba uvimbe ulikuwa wa sentimita 2.8, na kwamba kati ya tezi 14 (vifundo vidogo vya kinga ya mwili) zilizotolewa kwapani, 3 zimekutwa na seli za saratani. Shemeji alipoona kwamba ugonjwa umefika kwenye tezi aliamini kuwa umeenea mwili mzima. Akatuonyesha sisi ndugu karatasi hiyo, kisha akaifungia kabatini na kutuagiza tumwambie dada kwamba yote yametolewa.

Mimi sikubaliani naye. Kwa jinsi nilivyoelezwa na muuguzi, tezi za kwapani si sawa na ini, mapafu au mifupa: saratani iliyoishia kwapani bado hutibiwa kwa lengo la kuponya, na mwenye tezi 1 hadi 3 huwa na matumaini zaidi kuliko mwenye 4 hadi 9, sembuse 10 na kuendelea. Nafahamu kwamba hesabu hiyo peke yake haitoshi. Uvimbe wa dada unaitikia homoni, jambo linalompa nafasi ya kutumia vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka 5 au zaidi, lakini kipimo cha HER2 (protini inayoweza kuchochea saratani kukua) kimetoka 2+, yaani hakijakata shauri, na kipimo cha kuthibitisha hakuna aliyekifuatilia kwa kuwa ripoti imefungiwa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana dawa atakazopewa zinategemea jibu hilo.

Tena kuna mstari unaonitia hofu: katika tezi moja, seli zimepenya ganda na kutoka nje. Naomba unieleze hilo lina uzito gani, na iwapo ndilo litakalomfanya daktari aongeze tiba ya mionzi baada ya kemo.

Kwetu mume ndiye msemaji wa mgonjwa, na shemeji ni mtu mwema ambaye amemuuguza dada kwa mikono yake mwenyewe. Je, nimkabili mimi, nimtume mzee anayemheshimu, au nimwombe daktari amweleze dada ana kwa ana siku ya kliniki? Dada ameanza kuuliza kwa nini apewe kemo ikiwa yote yametolewa, nami sina la kumjibu lisilokuwa uongo.

Mdogo wake,
Kisumu